Upondo Mkavu

Jambo hili nililisimulia kwanza mbele ya padre, naye hakucheka. Nawasimulia na ninyi lilivyo, sipunguzi wala siongezi, maana umri nilionao si wa kusema uongo kisha nikalala usingizi. Lilinipata mimi mwenyewe, katika bonde la Kilombero, msimu wa mvua za El Nino.

Nilikuwa bado mke mgeni, nimetoka milima ya Mahenge kuolewa kwa Wandamba, watu wa mto. Msimu wa mpunga tulihamia shambani, mbali na kijiji chetu cha Mngeta, tukakaa kwenye dungu, kibanda cha kulindia mpunga, lililojengwa juu ya mwinuko. Mume wangu alichukua mtumbwi wetu pekee kwenda Ifakara kutafuta chumvi na dawa. Akaniacha na wadogo zake wawili: Deo, kijana mwenye nguvu na maneno mengi, na Felista, msichana mdogo aliyekuwa bado anachekeshwa hata na ndevu za mahindi. Mume wangu alipoondoka, mto ukafurika. Mwinuko wetu ukawa kisiwa.

Kisha ukashuka ukungu. Nauelezaje? Ulikuwa mweupe, mzito, umelala juu ya maji mchana kutwa, na baridi yake sijaiona tena bondeni. Mpunga haukuonekana. Hata dungu la jirani yetu, Mzee Fabiani na mkewe, lililokuwa kwenye mwinuko wa pili, lilipotea machoni.

"Shemeji, mbona unatetemeka?" Deo alinitania. "Ninyi wa milimani mnaogopa hata maji ya kunawa."

"Mwache wifi yangu," Felista alisema. "Wewe mwenyewe jana ulimkimbia chura."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya utani aliyosema. Homa ilimkamata siku hiyo hiyo. Akatetemeka, akatapika, kisha akaanza kuniita mama. Klorokwini tuliyokuwa nayo ilikuwa imelowa na kuyeyuka ndani ya karatasi yake. Asipofika hospitali atakufa, mimi na Deo tulijua, na mtumbwi hatukuwa nao. Tulimwita Mzee Fabiani atuletee wake, lakini ukungu ulimeza sauti zetu.

Jioni, kabla giza halijaingia, nilikuwa nimeshika rozari tuliposikia sauti kutoka majini.

"Mleteni mgonjwa."

Tulitoka. Mtumbwi mrefu ulikuwa umesimama ukingoni, na ndani yake mtu mzima aliyejifunga shuka, mkononi ana upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Niaminini, hakuwa na kwato wala macho ya moto. Angekuwa navyo, ningekimbia mapema.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Mleteni. Nafasi ni ya mmoja."

Hakuitikia. Nami nikajiuliza: nani amemwambia kuna mgonjwa, wakati siku zote zile hatujaonana na mtu?

Deo alikuwa tayari ameingia ndani. Alitoka amembeba Felista, kichwa chake kimelegea begani. Hapo nikakumbuka jambo alilonifundisha mama mkwe wangu wiki ya kwanza ya ndoa. Kwa watu wa mto, anayefika kwa mtumbwi kwanza huchomeka upondo wake kwenye tope mbele ya nyumba, ndipo anasalimia. Aliyeushika bado ni mtu wa njiani. Hapewi kitu, wala hapewi mtu.

"Baba, chomeka upondo kwanza," nilisema. "Unywe uji, kisha tuzungumze."

"Nina haraka. Msichana anakufa."

"Chomeka tu, baba."

"Shemeji, acha mambo ya kizamani," Deo alisema. "Unataka dada yangu afie mikononi mwangu kwa sababu ya mti?"

Nilitamani kumsikiliza. Ningemwambia nini mume wangu nikimkataza? Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule upondo. Hatua chache tu kutoka ukingoni maji yalikuwa yanampita mtu mzima kimo, naye alikuwa ametoka mbali. Upondo ulikuwa mkavu tangu juu hadi chini. Hata vumbi lilikuwa juu yake.

"Deo, tazama upondo," nilisema.

Alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Akatazama. Nikamkamata shati, nikaanza Salamu Maria kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, nikavuta. Tukaanguka matopeni sote watatu. Yule mtu hakukasirika. Alimtazama Deo tu, akasema taratibu, "Wewe umeshapanda." Mtumbwi ukarudi nyuma, ukaingia kwenye ukungu. Upondo haukugusa maji.

Usiku kucha tulimkanda Felista kwa maji, tukisali. Mimi nilisali huku nikiogopa kwamba nimemuua.

Asubuhi ukungu ulipungua, na mtu akaita kutoka majini. Hatukujibu. Tukasubiri. Tukasikia upondo ukizama kwenye tope mbele ya dungu, kisha, "Jamani, hamjambo humo?" Alikuwa mume wangu, na dawa ilikuwa mfukoni mwake. Nililia kama mtoto.

Felista alipona. Leo ana watoto wake, Mungu asifiwe.

Lakini kwa Mzee Fabiani, mume wangu alikuta chungu bado kiko mafigani, mlango wazi, na mtumbwi wao umefungwa mahali pake. Wenyewe hawakuonekana tena. Walipanda mtumbwi wa nani?

Na Deo? Mguu ule haujapata joto hadi leo. Uguse mchana wa jua la Ifakara, utadhani umegusa samaki. Tangu siku ile hakuvuka Kilombero kwa pantoni hata mara moja. Daraja lilipojengwa alivuka kwa miguu, katikati ya barabara, akiwa amenishika mkono, na magari yakimpigia honi.

Basi nawe unayesoma, ukiwa na shida kubwa na akatokea wa kukuokoa mwenye haraka, usione haya kumsimamisha. Mwombe achomeke upondo. Aliyetumwa na Mungu atachomeka, na uji wako atakunywa.