Picha ya Jicho la Scholastika

Robota lililofungwa na Scholastika hufika Tunduma bila kulegea. Hilo Kariakoo wanalijua, na asiyelijua huyo mgeni. Mngoni huyu wa Songea amewafungia mizigo wateja wa mikoani miaka kumi na tisa, yeye akikaza fundo, Uwesu akivuta mpira wa kufungia. Uwesu ni Mngindo wa Liwale, mtani wake, na saa nzima haikuwahi kupita hawajatukanana.

Jumatatu mpira ukamponyoka Uwesu. Ukarudi kwa nguvu zake zote, ukampiga Scholastika jicho la kulia. Kufika jioni aliona ukungu, na vidoa vyeusi vikielea kama inzi. Jirani akamshauri atie maziwa ya mama. Akakataa, akasema yeye si mtoto mchanga.

Lakini kilichomtisha zaidi ni Uwesu. Siku tatu hakutania hata neno moja. Watani hutania hata msibani. Huyu kanyamaza mbele ya mtu aliye hai! Scholastika akaanza kuamini kwamba jicho limekwenda, na kazi nayo inalifuata.

Alhamisi Uwesu mwenyewe akampeleka hospitali. Wakamtia dawa ya kupanua mboni, akaegemeza kidevu kwenye mashine, taa ikamulika. Daktari Stella akawaonyesha picha kwenye kompyuta: duara la rangi ya chungwa, mishipa imetambaa kama mizizi, na pembeni baka jeupe.

"Hapa ndipo palipoumia," alisema. "Huu ni utando wa nyuma ya jicho, ndio unaokuwezesha kuona. Niliogopa umechanika. Haujachanika, mama. Baka litafifia lenyewe. Baada ya wiki mbili tutapiga picha nyingine tulinganishe."

Scholastika akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Alipogeuka, Uwesu alikuwa bado anatazama sakafu.

"Dada Schola," akasema, "mimi unaniona kweli?"

Miaka kumi na tisa hajawahi kumwita dada. Neno hilo likamchoma Scholastika kuliko ule mpira. Akaliziba jicho zima kwa kiganja, akamkagua kwa lile bovu, taratibu, paji, pua, masharubu.

"Nakuona, Mngindo wee. Sura mbaya ile ile. Nilidhani ajali itanipunguzia adhabu."

Uwesu akacheka, kisha akalia, pale pale mbele ya daktari, na Scholastika akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake.