Shikamoo ya Shangazi

Juzi shangazi alikuja kwangu Tunduma kutoka Ihanda, akaketi na kuanza kulalamika kwamba watu siku hizi wananong'ona tu. Masikio yake yamechoka. Nikasikia tena ile harufu ya uani kwetu utotoni, ya maganda ya kahawa yaliyochacha.

Mchana mmoja, tukiwa bado watoto, dada yangu Neema alikuwa uani akichambua kahawa, mgongo ameupa njia. Usaha ulikuwa ukimtoka sikioni tangu masika, na nyumbani tulimtia mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto, basi. Shangazi akasimama nyuma yake, akamwita mara mbili. Neema hakugeuka.

“Huyu mtoto ana kiburi,” shangazi akasema. “Hata shikamoo hanipi?”

“Huwa anafanya makusudi,” nikamjibu, maana ndivyo nilivyoamini.

Kofi la shangazi lilitua kwenye sikio lilelile. Leo najua kwamba usaha ule ungetibiwa hospitali. Neema anasoma midomo yetu mpaka leo.

“Nyumba hii haina adabu?” shangazi alifoka juzi. “Mbona huniamkii?”

Nilikuwa nimeshamwamkia mara tatu, kwa sauti ya chini, makusudi.