Mtani Aliyevaa Koti la Mjomba Beda

Kuna harufu moja inayonitia kinyaa mpaka leo, nayo ni ya koti la ngozi lililoloa. Nikipita sokoni Morogoro baada ya mvua, pale wanapotundika mitumba, huwa ninaziba pua na kuongeza mwendo. Wauzaji hudhani ninaringa. Siringi. Koti la namna hiyo lilikuwa la mjomba wangu Beda, mdogo wake mama, na siwezi kuisikia harufu yake bila kuona tumbo la mwanaume mwingine likitokeza katikati ya vifungo.

Kwetu ni Mgeta, juu milimani, kwenye matuta ya kabichi na karoti. Mjomba Beda alipelekwa Urusi kusomea mitambo. Mwaka wa kwanza walifundishwa lugha tu, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, darasani alikuwa bubu. Mwalimu akimwuliza jina, anatoa jasho. Kilichomfungua mdomo ni muziki wa roki. Wanafunzi wenzake walimpeleka kwenye ukumbi mmoja chini ya ardhi, ambako bendi zilipiga magitaa kwa fujo, na yeye akazoea kusimama mbele kabisa, karibu na spika, akipiga kelele pamoja na Warusi maneno asiyoyajua. Kiitikio kinarudi tena na tena, alisema, kwa hiyo hata ukikosea unapewa nafasi nyingine. Akirudi bwenini ndipo anauliza maana ya alichokuwa akiimba.

Aliyasimulia hayo baada ya kurudi nyumbani, tukiwa tunapanga kabichi za kupakia kwenye lori, na mimi nilichokishika kwanza katika masimulizi yake ni uchafu.

"Skola," ananiambia huku macho yakimng'aa, "watu walivyojaa, jasho linapanda mpaka darini, halafu linadondoka. Linakudondokea mdomoni!"

"Yakh, mjomba!"

"Sakafu imemwagika bia, kiatu kinanasa. Siku moja jitu halina shati, limelowa kama kambale, likanikumbatia, likanibusu shavuni hapa. Nikalitukana, likanielewa. Siku hiyo ndiyo nilijua nimejua Kirusi."

Halafu anaeleza walivyokula mafuta mabichi ya nguruwe, meupe kama kipande cha sabuni, kwa kitunguu na mkate mweusi. Nilikuwa natema mate pembeni. Lakini kesho yake namwomba anisimulie tena. Na wimbo alioupenda kuliko zote, wa mtu aliyeachwa na treni kituoni huku theluji ikimfunika, alinifundisha pale pale kwenye karoti, neno kwa neno, yeye akiunguruma na mimi nikiunguruma. Hakuna mwingine nyumbani aliyeujua.

Mjomba aliuawa na lori la kabichi lililopinduka konani wakati wa mvua.

Mama hakulia. Tangu alipoletewa habari alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Ugali ukiletwa anageuza uso. Maji anakunywa funda moja, anarudisha kikombe. Mdogo wangu Pius alikuwa bado ananyonya, na ziwa likakauka. Alilia mpaka sauti ikawa inakatika. Nilimsikia bibi akinong'ona jikoni, "Huyu asipokula, tutamzika na mtoto." Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa vizuri sana.

Msiba wa kwetu una watani. Ni watu wa ukoo mwingine ambao kazi yao ni kuchimba kaburi, kuhangaika na vyungu, na kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa. Hawakatazwi kitu na hakuna anayeruhusiwa kuwakasirikia. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kobelo, mwanaume mnene ambaye kwa siku za kawaida nilimpa shikamoo yangu bila tatizo.

Mchana baada ya mazishi alitoka chumbani kwa mjomba amevaa lile koti, bado bichi kwa maji. Halikumtosha. Alichukua upawa wa mchuzi akaufanya kipaza sauti, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akayalamba. Kisha akajimwagia kichwani ndoo ya maji yaliyooshea vyombo, yenye punje za wali.

"Jasho la Urusi hilo!" akapiga kelele. Watu wakacheka na chakula mdomoni. Wengine wali uliwatoka puani.

"Jamani, Beda huyu! Ndege nzima imembeba kwenda kusoma, amerudi na mingurumo! Karoti zetu hazikui, zinaogopa!"

Akaanza kuimba. Kirusi hakukijua. Alitoa sauti za mbuzi anayechinjwa, akachomeka na Kiluguru, akaenda mpaka mbele ya mama na kupiga magoti, maji machafu yakimdondokea mama mapajani.

"Dada, nimerudi! Nibusu Kirusi!" Akatoa midomo. Kamasi zilikuwa zinaning'inia.

Nilisimama. "Siyo hivyo! Unaukosea!"

Akanigeukia taratibu.

"Lo! Kumbe kuna Mrusi amebaki! Haya bibi, tufundishe."

Nikaimba mstari wa kwanza kwa hasira. Akaurudia, vibaya. Nikamrekebisha nikipiga mguu chini. Akaurudia, vibaya zaidi, akitingisha tumbo. Tukaendelea hivyo, mimi nikilia na kuunguruma, hadi kwenye kiitikio, na hapo nikasikia sauti kama ya mtu anayepaliwa. Alikuwa ni mama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalala ubavu, kamasi na machozi vikachanganyika, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, na wanawake wakamshika. Jioni akaomba uji. Kesho yake Pius akanyonya.

Ningependa kuwaambia kuwa nilifurahi. Sikufurahi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika. Na nisiwafiche, kinyaa changu kikubwa hakikuwa kwa Kobelo bali kwa mama, aliyeweza kucheka hali udongo wa ndugu yake haujakauka. Yule mzee sikula tena chakula alichokigusa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa kuwa mikono ile ndiyo iliyomfukua mjomba chini ya kabichi, ikamwosha, ikamvika nguo za kuzikiwa. Kisha Kobelo akakaa peke yake mtoni kuisugua damu kwenye koti, ili asiivae damu hiyo mbele ya dada wa marehemu. Nimeelewa. Harufu bado inanichefua. Kuelewa hakukuisafisha.

Mwaka jana tumemzika mama, hapa mjini. Mzee Kobelo alishatangulia, na wanawe waliopo Dar es Salaam walituma pole kwa simu. Viti vilikuwa vya kukodi, vimevishwa vitambaa vyeupe. Mshereheshaji alisoma ratiba, watu wakapanga foleni ya chakula, wakala, wakanawa, wakaaga kwa sauti ya chini. Sahani yangu ililetwa ikarudishwa, ikaletwa tena ikarudishwa. Niliwatazama waombolezaji mmoja baada ya mwingine, nikimtafuta hata mmoja wa kunitia kinyaa. Wote walikuwa na adabu.