Mawe Matatu ya Magige

Mwaka 1984, sukari na sabuni zilipokuwa hazionekani madukani, Petronila alipata kibarua cha kuchekecha udongo karibu na Butiama, kwa mtafiti aliyetafuta zana za mawe za watu wa kale. Jicho lake liliaminiwa na wote. Siku moja kaka yake Magige, aliyechimba shimoni, alimletea mawe matatu, naye akayapeleka kwa mtafiti bila kusita. Yalipooshwa, yalionekana yamechongwa juzi tu.

“Ni wewe, Magige?”

“Kazi ilikuwa inakwisha kwa kukosa mawe. Na wewe wanakuaminiga, dada.”

Petronila alingoja kaka yake aende kwa mtafiti kusema ukweli. Magige akarudi shimoni. Mchana huo Petronila alifukuzwa, bila kumtaja ndugu yake, na hakumpikia tena.