Kovu la Baba Komora

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa karatasi wala wino. Meneja wa kiwanda kile kidogo cha uchapaji pale Hola, mtu mfupi asiyevua koti hata jua liwake vipi, alinikalisha mbele ya kompyuta, akafungua nembo ya chama cha wakulima wa mpunga, akaniambia niikuze. Nikaikuza. Akasema niikuze tena. Nembo ikapotea, ikabaki miraba midogo midogo ya kijani na manjano.

“Hiyo utaichapaje kwenye bango la ukubwa wa ukuta?” akaniuliza.

Hakungoja jibu. Alinieleza kwamba picha ya kamera au ya skana imejengwa kwa miraba hiyo, inaitwa pikseli, na ukiikuza picha, miraba nayo inakua mpaka jicho liione. Dawa yake ni kuichora upya kwa vekta. Vekta haina miraba. Inabeba maagizo tu: anza hapa, pinda hivi, ishia pale. Mchoro wa namna hiyo ukiuchapa kwenye kalamu au kwenye ukuta wa soko, ukingo wake ni ule ule.

Basi ndiyo kazi niliyoifanya mpaka macho yakakataa, enyi mnaobonyeza kitufe kimoja kompyuta ikawachorea, mkaenda kunywa chai. Kitufe hicho hata sisi tulikuwa nacho, lakini kilichora kama mlevi. Ilibidi upite mwenyewe na kipanya juu ya picha, unapiga nukta, unavuta mkunjo, unapiga nyingine. Nembo moja siku nzima. Stima ikipotea kabla hujahifadhi, unaanza upya, na hakuna wa kukupa pole.

Meneja alikuwa na sheria moja. Karatasi zilizotufikia zilikuwa zimekunjwa, zimemwagikiwa chai, zimepigwa mihuri, na skana haichagui, inachukua vyote. “Kinachofanana na uchafu ni uchafu,” alikuwa akisema. “Ukiwa na shaka, futa.” Nilifuta miaka yote niliyokaa Hola, na kila nilipofuta alinisifu.

Baadaye nilihamia Garsen, kwenye duka la mwanamke tuliyemwita Mkurugenzi, ingawa wafanyakazi tulikuwa watatu tu. Kwake kila kazi ilikuwa ya leo. Tulichapa fulana za kampeni, stika za pikipiki, na zaidi ya yote fulana za mazishi. Fulana tulizichapa kwa kusukuma wino wa rangi moja kupitia kitambaa cha wavu, na wavu hautaki picha yenye vivuli vivuli. Unataka mistari safi. Kwa hiyo kila marehemu alipita mikononi mwangu kwanza, nimchore. Nimechora waliokufa wengi kuliko walio hai, na hilo linachosha mtu, msione nacheka.

Kisha yakaja mafuriko. Watu waliokoa watoto, mbuzi, godoro. Picha nani angezikumbuka? Maji yalipopungua wakaanza kutuletea zilizobaki, zimelowa na kukauka, zimegandana na plastiki. Mmoja wao alikuwa Mama Komora, mkulima wa kando ya mto kule Ngao. Mumewe alikuwa amefariki Jumatatu na mazishi yalikuwa Jumamosi. Alikuja na kadi ya chama cha wakulima ndani ya plastiki, na kwenye kadi ile picha ya mzee, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Nyumba nzima haikuwa na nyingine. Aliniambia anataka waombolezaji wote wamvae mzee kifuani, kisha akaondoka.

Niliipitisha kwenye skana haraka haraka, na plastiki yake, kwa majaribio tu. Nikaona imetoka na ukungu. Nikasema ngoja niibandue niichukue vizuri. Nilibandua polepole, nikishika pumzi, na sura ya mzee ikatoka yote na plastiki, ikavunjika vunjika kama ngozi ya kitunguu. Mkononi nikabaki na karatasi nyeupe.

Sikumwambia mtu. Nilirudi kwenye yale majaribio yenye ukungu nikachora juu yake. Usoni kulikuwa na mistari ya maji huku na huku, mmoja ukishuka kutoka pembe ya mdomo hadi chini ya taya. Sheria ya Meneja ilikuwa kichwani. Nikaifuta yote. Mzee akatoka safi, na Mkurugenzi akasema hiyo ndiyo kazi bora kuwahi kutoka dukani kwake.

Alhamisi Mama Komora akaja. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akainama karibu nacho.

“Fundi, huyu ni nani?”

“Ni mzee wetu, mama.”

“Mzee wetu alikuwa na kovu.” Akapitisha ukucha kwenye kidevu chake mwenyewe, kutoka pembe ya mdomo hadi chini ya taya. “Mpini wa kuwashia pampu ya shamba ulimrudi. Tulikuwa hatujamaliza mwezi tangu tuoane. Huyu wako simjui. Nipe kadi yangu nikuonyeshe.”

Hapo ilinibidi niseme. Nilimpa ile karatasi nyeupe. Niliona haya ambayo sijaona tena maishani mwangu.

Aliigeuza mbele na nyuma. “Maji yalichukua nyumba, yakaniachia hii,” akasema. “Wewe ukachukua hii.”

Nilitarajia anitukane, au amwite Mkurugenzi. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti akakaa ubavuni kwangu, akasema, “Haya, chora. Nitakwambia.” Tulikaa hivyo mpaka saa kumi. Nikipiga nukta anasema panda kidogo. Nikivuta mkunjo anasema hapana, hapo palikuwa na shimo, mshono wa daktari haukukaa vizuri. Zilikuwa saba tu, nukta zile, lakini hakuna kazi iliyowahi kunitoa jasho namna hiyo. Ya saba ilipokaa mahali pake akafunika mdomo kwa leso, akalia. Jumamosi mzee alizikwa na kovu lake kwenye kila kifua, na mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimevaa moja ya fulana zile.

Sheria ya Meneja sikuifuata tena. Nikiwa na shaka, niliuliza, hata Mkurugenzi akalalamika kwamba nachelewesha wateja.

Miaka ilipita. Macho yalianza kuona mistari miwili palipo na mmoja. Daktari alisema yamechoka. Nikamwambia si macho peke yake. Nilikuwa nimeshaaga dukani, zimebaki siku chache, Mama Komora alipoingia na mkongojo wake.

“Nichore na mimi, kwa fulana za siku yangu,” akasema. “Ningali hai, niseme mwenyewe. Na usinifute kitu.”

Nilimpiga picha kando ya dirisha. Kuchora ile sura kulinichukua siku nne, kunjo kwa kunjo, pua karibu iguse kioo. Mkurugenzi alipita nyuma yangu akauliza mbona mama wa watu nimemzeesha hivyo. Nikamwambia amezeeka. Mwenyewe aliporudi kuiona, aliifuata kwa kidole kuanzia kipajini hadi shingoni, hakuniambia panda wala shuka.

“Huyu namjua,” akasema.

Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Ipo kwenye flashi, nimeifunga kitambaani nyumbani. Siku hizi sifanyi lolote. Nakaa, kiuno kinauma, na watu wakiniletea nembo nawaambia waende kwa vijana. Lakini kila baada ya muda simu inalia, na ni Mama Komora, anauliza kama ile picha bado ipo. Namwambia ipo. Anasema basi kaa nayo, yeye hana haraka.

Nami sina. Katika kazi zote nilizochora, hii ndiyo pekee ninayomwomba Mungu isichapwe karibuni.