Komunike Niliyoificha Mpaka Matokeo Yapite

Mimi njo nilikosa. Si redio, si meli, si shetani. Mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, tena mangaribi watu wote wakiwa macho.

Usiniulize jina. Ninafanya kazi bandarini hapa Kalemie, nina muke na watoto, na kwenye parokia wananiheshimu. Wangejua!

Wakati ule mapile ya redio, zile betri, yalikuwa yamekosekana karibu muji muzima. Mimi niliyapata kwa mabaharia wa Kigoma, basi redio yangu peke yake njo ilikuwa inasema mutaani. Kila Jumamosi watu walikuwa wanajaa kwangu kungojea matokeo ya mupira wa Uingereza kwa stasyo ya Ulaya inayosema Kiswahili. Muke wangu alikuwa anakasirika: "Ninyi wanaume, hao Wazungu wanawajua hata kidogo?" Tuliongeza sauti ya redio.

Sisi wa bandari tulishika timu ya muji mumoja wa bandari kule, sababu tuliona ni wenzetu wa kubeba mizigo. Watu wa reli walishika timu ingine, sababu mutu fulani aliwaambia kwamba ilianzishwa na watu wa reli. Hakuna hata mumoja wetu aliyewahi kuona timu hizo zikicheza. Lakini kelele, Mungu wangu! Penalti moja tuliibishania bandarini, tukaibishania sokoni, tukaibishania hata kwenye matanga ya watu.

Musemaji wa watu wa reli alikuwa rafiki yangu. Nitamuita Mumba, hilo si jina lake. Ni mutu wa Kirungu, na mama yake alibaki kule milimani. Yeye njo alisema ile penalti ilikuwa ya bure, eti mushambuliaji wetu alijiangusha mwenyewe. "Papa Redio, timu yenu inaishi kwa huruma ya arbitri!" Watu wakacheka mpaka machozi. Jamani, iliniuma juma zima.

Jumamosi iliyofuata timu zetu hizo mbili zilikuwa zinakutana. Nilifungua redio mapema, watu hawajafika bado. Stasyo ya Lubumbashi ilikuwa inasoma komunike. Unajua kwetu: simu hakuna, mutu akigonjwa ao akifa mbali, wanapeleka komunike kwa redio, na anayeisikia anakimbia kumuambia mwenyewe. Hata kama mumegombana, unakimbia.

Nikasikia jina lake. Mumba wa reli, Kalemie, afike Kirungu haraka, mama yake ni mugonjwa sana, anamuulizia.

Meli ya Moba, bandari ya kushukia ukienda Kirungu, ilikuwa inaondoka jioni ile ile. Nilijua vizuri, nilikuwa nimetoka kuipakia.

Na mimi nilifanya nini? Nilizungusha kifungo, nikatafuta stasyo ya Ulaya!

Nilijisemea: nikimuambia sasa atakimbilia meli, na ile aibu aliyonipa nitaimurudishia lini? Matokeo kwanza. Nilitaka kuona uso wake tu, basi.

Akafika na wenzake, anacheka: "Leo mutalia, watu wa bandari!" Matokeo yakasomwa. Tulishinda. Niliruka, niliimba, nilimuzunguka Mumba nikipiga makofi karibu na uso wake. Naye, mutu mwema, akacheka tu. "Ndugu yangu, leo nimekubali. Mumetupiga." Akatuma wamuletee chupa ya lutuku, ile pombe kali, tunywe wote.

Hapo nilifungua kinywa nimuambie. Lakini nikafikiri: ataniuliza nilisikia saa ngapi. Mbele ya watu wote hawa! Nikafunga kinywa. Nikajidanganya kwamba kesho watairudilia, ataisikia kwa mutu mwingine.

Meli ikapiga honi. Mumba alikuwa anasimulia goli ambalo hakuliona. Hata hakugeuza kichwa.

Komunike haikurudiliwa. Na meli ingine ilikawia, mazuti, mafuta ya meli, yalikosekana.

Ilipofika ilimuleta kaka mukubwa wa Mumba. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Yule kaka alisimama katikati ya kiwanja cha Mumba, sisi wote tupo, akapaza sauti: "Mapadiri waliituma kwa foni, ile redio yao ya kuitana, mpaka Lubumbashi! Kirungu nzima iliisikia! Mama amekufa akiangalia mulango. Wewe ulikuwa wapi?"

"Haikupita," Mumba akamujibu, analia. "Ingepita ningeambiwa. Huyu hapa," akanishika bega, "redio yake haikosi komunike hata moja. Muulize."

Kaka akaniangalia.

Nikasema, "Sikuisikia." Yoo, ulimi wangu!

Ndugu zake wamemukataa mpaka leo. Wanasema alisikia akadharau. Hawataki akanyage kwenye kaburi ya mama yake. Na kila anapogombana nao, mimi njo shahidi anayemutaja.

Nilijaribu, nakuapia. Nilienda kwake, nikakaa, nikaanza: "Mumba, ile Jumamosi..." Akanikata. "Ile Jumamosi, Papa Redio! Ile njo mara yangu ya mwisho kucheka vile. Aksanti, ndugu yangu." Muke wake akatuletea ugali na ndagala. Nilikula.

Padiri ninayemuungamia ananiambia kila mara niende nimuambie. Ninatoka, ninafika karibu na mulango wake, miguu inapita. Nimeshindwa. Nimeshindwa kabisa!

Wewe unayesoma, ukisikia jina la mwenzio, simama. Acha mupira, acha chakula kwa sahani, kimbia! Usiseme "ngoja kidogo tu." Mimi nilisema hivyo.

Kesho ni Jumamosi. Mumba atakuja, bado anakuja. Siku hizi komunike zikianza anatuomba wote tunyamaze, mupira ungojee, asije mutu mwingine akakosa ya mama yake. Na anakaa pembeni yangu, kichwa ameinamisha, anasikiliza jina moja moja mpaka mwisho.