Mnyapara wa Kwenye Tivii

Tamthilia yenyewe ilihusu zamani, mkoloni akiwa anafungasha kuondoka. Marudio yake yalionyeshwa Jumamosi mchana, na sisi tuliangalia marudio, kwa sababu baba akishaswali isha hakai tena macho. Baba yangu ni Mzigua wa Sindeni. Nilimchukua kuja kwangu Masuguru, hapa Korogwe, miguu ilipomkataa. Kumwosha, kumlisha, kumgeuza, ni mimi. Kaka yangu yuko Mazingara na mahindi yake. Kila akivuna hutuma gunia, sitaki kumsema vibaya. Ila gunia halimwoshi mtu.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nikikaa mbele ya tivii nasinzia kabla wimbo wa mwanzo haujaisha. Kwa hiyo yapo mambo ya tamthilia nitayakosea. Mimi niliishia darasa la saba. Naandika nilichokiona, na pale nilipolala nitasema nililala.

Mle ndani palikuwa na shamba la mkonge, na mnyapara wa kuwasimamia wakataji. Kofia pana, kaptula ya kaki, kiboko mkononi. Anachapa watu migongo, mzungu yuko barazani anakunywa chai. Na baba naye ujanani alikuwa mnyapara, kwenye shamba moja la mkonge upande huu, miaka hiyo hiyo. Sisi watoto tulilijua hilo kama unavyojua kwamba baba yako aliwahi kuwa na baiskeli. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Aliyeliokota ni jirani. Ni bibi wa Kisambaa, alishuka milimani akiwa bibi harusi, na marehemu mumewe alikuwa mkataji chini ya baba. Wasambaa na sisi ni watani, na mtani hapigi hodi. Anaingia, anafunua sufuria, akimtaka kuku anamkamata anaondoka naye, na mwenye kuku akinuna ndiye mwenye makosa. Baba amemzidi umri, lakini miaka yote hajawahi kumwamkia. Salamu yake ilikuwa hii:

"We Mzigua, bado hujafa? Sanda inaliwa na panya tunakungoja wewe."

"Nife niwaachie nani nyie wala viazi?"

Basi Jumamosi ya kwanza mnyapara alipotokea, bibi alipiga makofi. "Huyo katokea! Kaptula ile ile! Mzigua, ulienda lini kuigiza, mbona hukuaga?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Jumamosi iliyofuata alicheka kidogo. Ya tatu ndiyo iliyoharibu. Mwanamke mjamzito alileta tita lake, yaani mzigo wa majani ya mkonge uliofungwa. Mnyapara akayahesabu majani, yakapungua, akalipiga tita teke, kisha akamchapa yule mwanamke. Siku hiyo ya kazi ikawa bure.

"Hapo umejitahidi, mzee," bibi akasema.

Baba alikuwa anaitazama mikono yake.

Jioni nikimwosha miguu akaniuliza, "Mama, mimi nilikuwa kama yule?" Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Sikuwepo, baba. Nilikuwa sijazaliwa."

"Najua hukuwepo."

"Si wewe ndiye unayekumbuka?"

"Nakumbuka kengele niliyowagongea. Kengele na baridi ya alfajiri. Watu siwakumbuki. Nikijaribu, namwona huyu wa kwenye tivii kasimama mahali pangu."

Ningeweza kumwambia hapana, hukuwa hivyo. Labda mtoto mwema angesema. Mimi niliona nikisema hapana nitakuwa nimewasemea watu nisiowajua, na nikisema ndiyo nitakuwa nimemhukumu baba yangu kwa mchezo wa kuigiza. Nikamkausha vidole.

Kesho yake akagoma kula. Uji alifunga mdomo, ndizi alisukuma. Kesho kutwa vilevile. Kaka nilimpigia simu, akasema mbembeleze. Nilikuwa nimeshabembeleza mpaka mikono imekufa ganzi. Mwishowe baba akasema, "Niitie yule Msambaa. Mwambie aje bila utani."

Sijui kama nilifanya vizuri kupeleka ujumbe ule. Mtani haambiwi auweke utani chini. Bibi nilimkuta anachagua maharage.

"Bila utani? Kasema yeye?"

"Ndiyo, bibi."

Alisimama, akajitanda khanga ya pili kama anayekwenda msibani. Mlangoni kwangu akapiga hodi. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, mzee."

Baba alishtuka kama kamwagiwa maji. "Marahaba," akasema, taratibu sana. Kisha akauliza swali lake.

Bibi alijibu akitazama sakafu. "Yule anapiga. Wewe hukupiga mtu, sikuona wala sikusikia. Wewe ulihesabu. Wiki niliyojifungua mume wangu hakuwa na usingizi, matita yake yakapungua, ukayakataa. Nilikuwa nanyonyesha, tukalala na maji ya chumvi. Mwaka mwingine akaugua homa, mzungu akataka kumfukuza, ukasimama ukasema huyu ni mtu wangu, atarudi. Akarudi. Yote mawili ni wewe." Akanyanyuka. "Ulitaka bila utani."

Baba alikunywa uji usiozidi vijiko vitatu. Hakulia, wala hakuomba radhi mbele yangu. Baadaye kama aliomba, sikuwepo.

Jumamosi bibi hakuja. Iliyofuata pia. Baba akasema zima hiyo tivii, nikazima. Kuku wakazagaa uani, wamenona, hakuna wa kuwakamata. Baba alikuwa anakula, ndiyo, lakini kama anayemeza dawa, huku anasikiliza mlango. Niliwakasirikia wote wawili, na wale walioigiza pia, ingawa kwa haki wao hawakumtaja mtu. Bibi naye hakukosea, alisema alichoulizwa. Nilitafuta wa kumlaumu, sikumpata.

Siku ya kipande cha mwisho niliwasha mwenyewe, baba akalalamika, nikajifanya sisikii. Mzungu alishaondoka, watu wamejaa uwanjani wanangoja bendera. Mlango ukasukumwa. Hakuna hodi. Bibi alikwenda moja kwa moja kwa baba, akauchomoa mto uliokuwa mgongoni mwake, akauweka kwenye kiti kingine na kuukalia.

"Mnyapara halalii mto."

Baba aliyumba upande. Nikaruka kumshika, akanisukuma mkono. Alijishikilia mwenyewe, kapinda hivyo hivyo, macho kwenye tivii. Bendera ikashuka, nyingine ikapanda, watu wakapiga vigelegele na kukumbatiana.

"Waongo," bibi akasema. "Kesho yake si ulitugongea kengele kama jana?"

"Nisingegonga mngeamka nyie? Wasambaa kwa kulala!"

"Zee hili. Hata kufa limeshindwa."

Majina ya waigizaji yalipoanza kupita, bibi aliondoka na mto kwapani, na uani nikasikia kuku akipiga kelele. Baba akasema mgongo unamuuma. Nikakunja blanketi, nikamwekea.